Menyu ya ovakloki imetoweka kwenye BIOS: imefichwa, imefungwa, au imeharibika?

Ukurasa wa ovakloki, yaani wa kupandisha kasi ya prosesa na RAM kupita ya kiwandani, ukitoweka kwenye BIOS (programu inayoiwasha bodi mama), wengi hufanya jambo moja: wanapakua toleo jipya, wanaflashi (wanaliandika kwenye chipu ya bodi), wanawasha, tatizo liko palepale. Wanaflashi tena. Safari nyingine umeme unakatika katikati ya kazi, na sasa si menyu tu iliyopotea, bodi nzima haiwaki.

Kuflashi kunashindwa kwa sababu msimbo wa BIOS ni sehemu moja tu ya vilivyomo ndani ya chipu. Kwenye bodi mama za Intel, ile chipu ndogo ya miguu minane imegawanywa maeneo: deskripta, yaani ramani inayosema kipi kiko wapi na nani anaruhusiwa kuandika, eneo la ME (programu ya kompyuta ndogo ya Intel iliyomo ndani ya bodi), eneo la GbE lenye anwani ya MAC ya kadi ya mtandao, na eneo la BIOS. Ndani ya eneo la BIOS kuna kipande kinachoitwa NVRAM, na humo ndimo mipangilio yako inamolala. Kuflashi kwa kawaida, iwe ndani ya BIOS au ndani ya Windows, mara nyingi hubadilisha msimbo na kuziacha NVRAM na ME zilivyo. Kama iliyoharibika ni mojawapo ya hizo mbili, unaweza kuflashi mpaka kesho.

Kwa hiyo dalili ndizo zikuongoze. Zifuate kwa mpangilio huu, kwa kuwa za mwanzo hazigharimu kitu na za mwisho zinahitaji vifaa na mkono mtulivu.

Je, menyu iliwahi kuwepo?

Swali la kitoto, lakini linamaliza kesi nyingi, hasa kwa bodi iliyonunuliwa imetumika au iliyobadilishwa prosesa.

Kwa Intel vinatakiwa vitu viwili kwa pamoja. Prosesa iwe na K, KF au KS mwishoni mwa jina, na chipseti (chipu kuu ya bodi mama) iwe ya familia ya Z: Z170, Z390, Z490, Z690, Z790. i7-12700 isiyo na K haipati vizidishi vya kupandisha (namba zinazozidisha saa ya msingi kupata kasi ya prosesa) hata ikikaa kwenye Z690. i7-12700K ikikaa kwenye B660 inapata ovakloki ya RAM tu. B560, H570 na warithi wao B660, H670, B760 na H770 zinaruhusu kupandisha RAM. B460, H410, H510 na H610 haziruhusu hata hilo.

Kwa AMD, karibu Ryzen zote za mezani ziko wazi, na kinachofunga ni chipseti. A320, A520 na A620 hazina ovakloki ya prosesa. B350, B450, B550, B650 na za familia ya X zinayo. Angalia prosesa za X3D, zenye kashe ya ziada: 5800X3D imefungwa kizidishi, 7800X3D nayo imefungwa kizidishi ila Curve Optimizer (ya kurekebisha volti) inafanya kazi, na 9800X3D imeachwa wazi. Mtu aliyetoa 5600X akaweka 5800X3D atakuambia menyu zimepotea siku ileile aliyobadilisha prosesa. Anasema kweli, ila hapo hakuna cha kutengeneza.

Kompyuta za ofisini zilizotumika, zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ambazo maduka ya Nairobi na Dar es Salaam hayazikosi, zina BIOS isiyo na ukurasa huo tangu kiwandani. Kuziwekea prosesa ya K hakuzalishi menyu.

Halafu kuna kufichwa tu. BIOS ikirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, bodi nyingi hufunguka kwenye ukurasa mwepesi wenye picha za feni na joto. Bonyeza F7 kwa ASUS na MSI, F2 kwa Gigabyte, F6 kwa ASRock, ndipo utaona kurasa zote. Jina la unachokitafuta hubadilika kwa kila kampuni: "Ai Tweaker" kwa ASUS ("Extreme Tweaker" kwenye ROG), "Tweaker" kwa Gigabyte (bodi zao za zamani ziliandika "M.I.T."), "OC" kwa MSI, "OC Tweaker" kwa ASRock. MSI wana mtego wa ziada: "OC Explore Mode" ikiwa "Normal" nusu ya mistari haionekani, iweke "Expert".

Jambo la mwisho katika kundi hili ni nywila. BIOS ikiwa na nywila mbili, ya msimamizi na ya mtumiaji, ukiingia kwa ile ya mtumiaji unaona mistari imefifia na haibonyezeki. Kwenye mashine za mitumba hili lipo zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Menyu ilikuwepo, toleo jipya limeiondoa

Hapa BIOS ni nzima kabisa. Imefungwa kwa makusudi, na tofauti yake na uharibifu ni kwamba kila kitu kingine kinafanya kazi vizuri na mstari uliokosekana ni mmoja au miwili tu.

Mifano inajulikana. Mwanzoni mwa 2016 baadhi ya bodi za Z170 ziliruhusu kupandisha saa ya msingi kwa prosesa za Skylake zisizo na K. Matoleo ya BIOS yaliyofuata yaliondoa njia hiyo. Historia ilijirudia kwa kizazi cha 12, pale bodi chache zenye jenereta ya saa ya nje zilipoweza kufanya vilevile mpaka maikrokodi mpya (msimbo wa ndani ya prosesa) ilipoziba. Desemba 2019 udhaifu wa Plundervolt (CVE-2019-11157) ulitangazwa, na tangu hapo matoleo mengi ya BIOS, hasa ya laptopu, yamefunga kabisa kupunguza volti. Mwaka 2023, baada ya Ryzen 7000X3D kadhaa kuungua zikiwa kwenye soketi, AMD iliweka kikomo cha volti 1.3 kwa SoC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM. Ukitafuta namba ya juu ya hapo kwenye BIOS ya leo huioni, na usiitafute.

Kuna pia kupungua kwa sababu ya nafasi. Mwaka 2019 Ryzen 3000 zilipotoka, bodi za AMD za soketi ya AM4 zenye chipu ya megabaiti 16 hazikutosha kubeba msimbo wa prosesa zote pamoja na picha za menyu. MSI walibadilisha Click BIOS 5 kwa mwonekano mwepesi walioita GSE Lite, na baadhi ya vitu vilikatwa. Mwenye B450 aliyeflashi wakati huo aliona BIOS "imevurugika", kumbe ndivyo ilivyotengenezwa.

Ukitaka uhakika kwa prosesa ya Intel, washa Linux yoyote kutoka kwenye flashi na usome rejista mbili:

sudo modprobe msr
sudo rdmsr -f 28:28 0xCE
sudo rdmsr -f 20:20 0x194

Ya kwanza ikirudisha 1, vizidishi vya turbo vya prosesa hiyo vinaweza kubadilishwa. Ya pili ni kufuli ya ovakloki: 1 maana yake BIOS imeifunga, 0 iko wazi. Prosesa iliyo wazi (1) na kufuli lililofungwa (1) kwa pamoja ni BIOS inayokataa, si iliyoharibika. Tafuta mstari wa "Overclocking Lock" au "Undervolt Protection" kwanza. Usipouona, rudi toleo la nyuma kama kampuni bado inalo kwenye ukurasa wa bodi yako, ukijua kwamba unarudisha na udhaifu uliokuwa umezibwa. Kwa wenye Intel kizazi cha 13 na 14, sisi tungesema usirudi nyuma ya maikrokodi 0x129 ya Agosti 2024 kwa ajili ya menyu yoyote ile: hiyo na zilizoifuata ndizo zinazozuia volti zilizokuwa zikizichakaza prosesa hizo.

Menyu ipo, lakini mipangilio haishiki

Unabadilisha, unabonyeza F10, kompyuta inawaka upya, unakuta namba za kiwandani. Au mistari mingine inaonekana bila thamani yoyote mbele yake.

Anza na betri ya CR2032. Ipime na multimita: mpya ina zaidi kidogo ya volti 3, na ikishuka chini ya 2.8 ibadilishe bila kufikiri. Dalili yake ya wazi ni saa na tarehe kurudi nyuma kila kompyuta inapochomolewa ukutani.

Betri ikiwa nzima, futa CMOS, kumbukumbu ndogo ya mipangilio inayolishwa na betri hiyo. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 hadi 15 kumaliza chaji iliyobaki, kisha unganisha pini mbili za jampa kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde 10. Pini hizo zimeandikwa CLRTC kwa ASUS, CLR_CMOS kwa Gigabyte, JBAT1 kwa MSI, CLRCMOS1 au CLRMOS1 kwa ASRock. Kutoa betri peke yake huku waya wa umeme umechomekwa hakufuti kitu, kwa sababu pawa saplai inaendelea kulisha saketi ya saa kwa umeme wake wa kusubiri.

Sasa lile linalowachanganya hata mafundi. Kufuta CMOS hakufuti NVRAM yote. Kunaiambia BIOS irudishe thamani za mwanzo, lakini vigeu vingine vilivyoandikwa ndani ya chipu ya flashi vinabaki: orodha ya vyanzo vya kuwashia, profaili za ovakloki ulizohifadhi, vitu vilivyoandikwa na mfumo endeshi. Makosa mawili huharibu eneo hili zaidi ya mengine.

La kwanza ni kupakia profaili ya ovakloki iliyohifadhiwa kwenye toleo la zamani la BIOS. Ndani yake profaili ni msururu wa baiti, na toleo jipya likiwa limeongeza mistari miwili katikati, baiti za chini zote zinasogea. Thamani ya volti ya RAM inasomwa kama swichi ya kuonyesha au kuficha menyu. Matokeo yake ni menyu zenye mapengo na namba zisizoeleweka. Ukishaflashi, andika namba zako kwenye karatasi na uziingize upya kwa mkono.

La pili ni NVRAM kujaa. Kwenye Linux, kerneli ikianguka inaweza kuandika kumbukumbu za ajali humo. Angalia /sys/fs/pstore, na ndani ya /sys/firmware/efi/efivars tafuta majina yanayoanza na dump-type0. Kufuta mafaili yaliyo ndani ya /sys/fs/pstore kunarudisha nafasi baada ya kuwasha upya. Usifute efivars kwa jumla, hata kwa bahati mbaya: zimeshakuwepo kompyuta zilizokufa kwa amri moja ya rm iliyopita humo. Orodha ndefu ya vyanzo vya kuwashia vinavyojirudia nayo inakula nafasi. Amri ya efibootmgr inaionyesha na kuipunguza.

Kuna kisa kimoja kinachostahili kukumbukwa kabla hujailaumu bodi. Desemba 2017 Ubuntu 17.10 iliondolewa kwenye upakuaji kwa muda baada ya laptopu nyingi, za Lenovo zaidi, kuacha kuhifadhi mipangilio ya BIOS. Dreva ya intel-spi ndani ya kerneli ndiyo iliyoiacha chipu katika hali ya kukataa kuandikwa. Dawa ikawa kerneli iliyorekebishwa, si kubadilisha bodi.

Toleo la ME linasomeka 0.0.0.0

Kama bodi ni ya Intel, huu ndio ukaguzi ambao watu wanauruka, na ndio unaoeleza kesi nyingi za "nimeflashi mara kadhaa bila mafanikio".

ME ni kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipseti, yenye programu dhibiti yake ndani ya chipu hiyohiyo ya BIOS. Mipangilio ya saa ya msingi hupitia kwake. Eneo lake likiharibika bodi inaweza kuwaka vizuri tu na Windows ikafunguka, lakini mstari wa BCLK (saa ya msingi) unatoweka au unabaki 100 hata ukiubadilisha, XTU (programu ya ovakloki ya Intel) inagoma, kuwaka kunachelewa, na wakati mwingine feni zinakimbia kasi ya mwisho. Mashine nyingine hujizima zenyewe baada ya dakika 30.

Fungua ukurasa wa kwanza wa BIOS, au programu ya HWiNFO, uangalie "ME FW Version". Kwenye Linux:

cat /sys/class/mei/mei0/fw_ver

Unatakiwa kuona namba inayolingana na kizazi cha chipseti: 11 kwa mfululizo wa 100 na 200, 14 kwa 400, 15 kwa 500, 16 kwa 600 na 700. Ukiona 0.0.0.0, "N/A", au kifaa cha mei0 hakipo kabisa wakati dreva imepakiwa, umelipata tatizo. Kama kuna mtu aliyeizima ME kwa makusudi kwa ajili ya usiri, dalili ni zilezile.

ME haiponi kwa kuflashi kutoka Windows, maana deskripta inalikatalia eneo hilo kuandikwa na mfumo endeshi. Kwenye bodi nyingi za ASUS kitufe cha Flashback (cha kuflashi bila prosesa) kinaandika chipu nzima pamoja na ME, hivyo ndicho cha kujaribu kwanza. Kikishindwa, au bodi haina kitufe, inabaki programa ya nje, kifaa kinachoandika chipu moja kwa moja.

XMP peke yake ndiyo haipo

Ukurasa wa ovakloki upo, vizidishi vipo, ila XMP, DOCP au EXPO (profaili ya kasi ya RAM) haionekani. Acha BIOS, shika RAM. Profaili hiyo haiko kwenye bodi. Iko kwenye chipu ndogo ya SPD juu ya kila kijiti cha RAM. Vijiti vya kawaida vya ofisini havina profaili hiyo tangu kiwandani. Vijiti vyenye taa wakati mwingine huharibiwa SPD na programu za kubadilisha rangi, kwa kuwa taa na SPD vinatumia njia moja ya mawasiliano, na programu mbili za taa zikifanya kazi kwa wakati mmoja zinaweza kuandikiana. Chomeka kijiti kimoja kimoja: XMP ikionekana kwa kimoja na kupotea kwa kingine, una jibu.

Kuflashi upya inavyotakiwa

Umefika hapa kwa sababu bodi na prosesa vinastahili menyu, CMOS imefutwa, na bado mambo hayakai sawa. Kabla ya kugusa chochote, kama diski imefungwa kwa BitLocker ya Windows, tafuta ufunguo wa tarakimu 48 na usimamishe ulinzi:

manage-bde -protectors -disable C: -rc 0

Kuflashi kunaweza kufuta TPM (hifadhi ya funguo za siri) iliyomo ndani ya prosesa au chipseti, na bila ufunguo huo data zako zinabaki ndani. Rudisha ulinzi kwa -enable kazi ikiisha.

Rudisha BIOS kwenye "Optimized Defaults" kwanza, XMP ikiwa imezimwa. RAM iliyopandishwa kasi na isiyo imara inaharibu faili likiwa kwenye kumbukumbu kabla halijaandikwa kwenye chipu, na hivyo ndivyo BIOS nyingi zilivyoharibika tangu mwanzo. Usiflashi kutoka Windows kama bodi ina njia yake ya ndani. Weka kompyuta kwenye UPS.

Soma jina la bodi lililochapishwa kwenye ubao wenyewe, si kwenye boksi. Gigabyte hasa huwa na rev 1.0, 1.1 na 1.2 za bodi moja, kila moja na faili lake. Faili la rev nyingine linaweza kuwasha bodi na bado likaficha menyu kwa sababu saketi za volti ni tofauti.

Bodi yenye kitufe cha kuflashi bila prosesa ndiyo iliyo salama kuliko zote. Tumia flashi ya USB ya kati ya GB 8 na 32, ugawanyo mmoja, FAT32, na faili likae nje ya folda yoyote. Jina la faili ndilo linaloangusha wengi: MSI wanataka MSI.ROM, Gigabyte wanataka GIGABYTE.BIN, ASRock wanataka CREATIVE.ROM, na ASUS kila modeli ina jina lake, ambalo programu ya BIOSRenamer iliyomo kwenye faili la zip inalibandika yenyewe. Kwenye Windows washa uonyeshaji wa viambishi vya mafaili, la sivyo utaandika MSI.ROM na kompyuta inaweza kuacha kiambishi kingine nyuma yake. Chomeka waya wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa, weka flashi kwenye tundu lililowekewa alama, zima kompyuta kwa kitufe lakini uache umeme wa ukutani.

Kwa ASUS shikilia kitufe kwa sekunde 3 mpaka taa ipepese mara tatu. Ikiendelea kupepesa, iache, inaweza kuchukua dakika kadhaa, na taa ikizimika kazi imeisha. Ikipepesa kwa sekunde 5 kisha ikawaka moja kwa moja bila kupepesa, haijaandika kitu: jina ni baya au flashi haijasomeka. Badilisha flashi kabla ya kuilaumu bodi. Za zamani za USB 2.0 zinasomeka vizuri kuliko zile za kasi.

Baadhi ya bodi za Gigabyte zina chipu mbili na swichi ya BIOS_SW. Washa kwa chipu ya pili; menyu zikirudi, umethibitisha kwamba ya kwanza ndiyo iliyoharibika.

Kuandika chipu kwa programa

Hapa ndipo bodi isiyowaka kabisa inapofufuliwa, na ME inapotengenezwa. Vinahitajika programa ya CH341A, klipu ya SOIC-8 ya kubana chipu ya miguu minane, na kompyuta nyingine.

Kwanza, volti. Soma maandishi juu ya chipu kwa kamera ya simu iliyokuzwa. W25Q128FV au JV na MX25L ni za volti 3.3. W25Q128FW au JW na MX25U, ambazo utazikuta kwenye baadhi ya bodi za AM4, ni za volti 1.8 na zinahitaji adapta yake katikati. CH341A nyeusi ya bei nafuu ina kasoro ya siku zote: inalisha chipu volti 3.3 lakini njia zake za data zinatoka na volti 5. Chipu nyingi za 3.3 huvumilia, ya 1.8 haivumilii. Ukiweza, pata ile yenye swichi ya kuchagua volti.

Namba 128 kwenye jina ni megabiti, kwa hiyo ni megabaiti 16, yaani faili la baiti 16,777,216 kamili. W25Q64 ni 8,388,608 na W25Q256 ni 33,554,432. Faili lisilolingana baiti kwa baiti na ukubwa wa chipu usiliandike. Mafaili ya ASUS yenye .CAP yana kichwa cha ziada mwanzoni. Yafungue kwa programu ya UEFITool, bofya kapsuli, uchague "Extract body".

Chomoa kila kitu kwenye bodi: umeme, betri, RAM. Waya mwekundu wa klipu ukae mguu wa kwanza, ule wenye kitone kwenye kona ya chipu. Chomeka klipu kwenye chipu kwanza, USB baadaye. Kisha soma mara mbili na ulinganishe:

flashrom -p ch341a_spi -c "W25Q128.V" -r soma1.bin
flashrom -p ch341a_spi -c "W25Q128.V" -r soma2.bin
sha256sum soma1.bin soma2.bin

Namba hizo mbili ndefu zikitofautiana hata herufi moja, klipu haijashika. Safisha miguu kwa spiriti na mswaki laini, ibonyeze upya. Chipu isipotambuliwa kabisa, au kitambulisho kikisomeka FF FF FF au 00 00 00, mara nyingi bodi inafyonza umeme wa programa na volti inaanguka. Tumia tundu la USB la nyuma ya kompyuta bila waya wa kurefusha. Ikikataa bado, chipu itolewe kwa hoteya (mashine ya hewa moto). Bodi nyingi za ASUS za Z87 na Z97 zina chipu ndefu iliyokaa kwenye soketi, inang'oka kwa mkono. Na bodi nyingi za MSI zina pini za JSPI1 zinazofanya klipu isihitajike.

soma1.bin ni ya kutunzwa hata kama imeharibika, maana ndani yake kuna anwani ya MAC na namba ya bodi ambazo faili la kampuni halina. Gawanya nakala hiyo na uhamishe GbE kwenda kwenye faili jipya la kampuni (hapa mpya.bin):

ifdtool -x soma1.bin
ifdtool -i gbe:flashregion_3_gbe.bin mpya.bin

Linatoka mpya.bin.new. Baiti sita za kwanza za eneo la GbE ndiyo MAC yenyewe. Zifungue kwa kihariri cha heksa na uzilinganishe na stika iliyo kwenye bodi. Ukiona 88:88:88:88:87:88, hiyo ni namba ya kiwandani isiyowekwa kitu, na kompyuta mbili za namna hiyo kwenye mtandao mmoja zitagombana. Bodi ambayo kadi yake ya mtandao ni ya Realtek haihitaji hatua hii.

ME ichukuliwe kutoka faili la kampuni. Ya bodi ya rafiki, hata kama ni modeli ileile, imeshaandikwa taarifa za bodi yake, na italeta matatizo yaleyale unayoyakimbia.

flashrom -p ch341a_spi -c "W25Q128.V" -w mpya.bin.new

Subiri neno VERIFIED. Bila hilo usirudishe betri.

Baada ya bodi kurudi

Kuwasha kwa mara ya kwanza kunachelewa. Bodi inaweza kujizima na kujiwasha zaidi ya mara moja, na bodi za AM5 zenye DDR5 hukaa dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi zikipima RAM. Usichomoe umeme kwa papara. Skrini ikiwaka, pakia "Optimized Defaults", hifadhi, zima kabisa, washa tena, ndipo uangalie mambo matatu: toleo la ME si sifuri, MAC ni ya stika, na ukurasa wa ovakloki una mistari yote.

Windows ikisema XTU au ThrottleStop haziwezi kugusa volti wakati BIOS inaonyesha kila kitu kiko wazi, zima "Memory Integrity" kwenye usalama wa kifaa ujaribu tena. Hapo mzuiaji ni Windows.

Kabla ya kurudisha namba za zamani, soma chipu mara moja zaidi kwa programa kama bado imeunganishwa, na faili hilo ulipe jina la bodi, rev yake na toleo la BIOS. Kisha pandisha kizidishi kwanza, RAM baadaye, kila kimoja kikipimwa peke yake.